Meno meusi ya papa kwenye mchanga wa Maryland: ni ya lini, na yanasema nini?

“Shikamoo Mwalimu. Sisi ni watu wa Tanga, tunaishi Maryland, Marekani, mwaka wa saba sasa. Mwezi uliopita tuliwapeleka watoto ufukweni pale Calvert Cliffs. Mwanangu wa miaka kumi akarudi na mfuko wa meno ya papa, meusi tii, 43 kwa hesabu yake. Matatu makubwa kayaweka kwenye boksi la viatu, madogo anataka kuyatupa. Katika yale makubwa, moja lina kingo kama msumeno, jingine jembamba limechongoka kama mwiba. Kwenye mfuko kuna pia kipande bapa chenye meno-meno kama kitana, hatujui ni kitu gani. Sasa nyumbani ni mabishano. Shemeji anasema ni meno ya papa wa juzijuzi, tope ndilo limeyafanya meusi. Mama mkwe kwenye simu anasema ni masalio ya Gharika ya Nabii Nuhu. Mtoto mwenyewe kaona video inayosema yule papa mkubwa, megalodoni, bado yupo kilindini, na sasa anaogopa maji. Naomba kujua: ni ya kale kweli? Mbona mengi hivyo mahali pamoja? Yanaweza kutuambia nini juu ya hiyo bahari? Kuna ubaya tukirudi na sururu ndogo tukachimba kwenye genge lenyewe, ule ukuta wa udongo ulio juu ya ufuo? Na kwetu je, yapo?”

Marahaba, mwanangu. Nianze na sururu, kwa sababu hilo ndilo pekee katika swali lako linaloweza kumdhuru mtu. Msirudi nayo. Yale magenge ya Calvert si jiwe gumu, ni udongo wa mfinyanzi na mchanga ulioshikana kidogo tu. Mawimbi yanakula mguu wake, juu panabaki panning'inia, halafu siku moja panakatika. Genge likikatika halipigi hodi, hasa baada ya mvua kubwa au majira ya baridi, maji yaliyoganda ndani ya nyufa yanapoanza kuyeyuka. Hifadhi ile imekataza kuchimba genge, kulipanda na hata kupita chini yake. Kuokota yaliyokwisha kuanguka, kwenye ufuo ulio wazi, ruksa. Tena hamtakosa kitu: bahari inawachimbia bure usiku na mchana.

Sasa turudi kwenye mfuko. Meno hayo ni ya kale kweli, ya mamilioni ya miaka. Na yale madogo mjukuu wangu anayotaka kuyatupa ndiyo ningeyaomba kwanza kama ningekuwa nimekaa hapo sebuleni kwenu. Nitaeleza kwa nini, lakini ngoja tuanzie jikoni.

Wewe ni mtu wa Tanga, umekula papa wa nazi tangu utotoni. Umewahi kutema mfupa? Changu utatema, tasi utatema, lakini papa hana mfupa wa kukukwama kooni. Kiunzi chake chote ni gegedu, kitu kilekile kilichomo kwenye sikio lako. Papa akifa, gegedu huoza au huliwa, na baada ya muda mara nyingi hakuna kinachobaki ila meno. Jino la papa limefunikwa kwa tabaka gumu lenye madini ya fosfati yaliyochanganyika na floridi, ileile floridi inayotangazwa kwenye dawa za meno. Sisi tunaipaka kwa mswaki, papa anazaliwa nayo. Madini hayo hayayeyuki kirahisi, ndiyo maana jino linadumu pale ambapo samaki mzima amesahaulika.

Tena papa hana jino la kudumu. Meno yake hayakuzamishwa kwenye taya kama yetu, yameshikiliwa na ufizi tu, safu nyuma ya safu. La mbele likidondoka, la nyuma linasogea kushika nafasi. Papa wadogo wa jamii ya Negaprion waliofugwa na kuchunguzwa walikuwa wakibadilisha safu ya mbele kwa muda wa kama wiki moja hivi. Katika maisha yake papa mmoja anaweza kudondosha maelfu ya meno, na kwa aina nyingine makumi ya maelfu. Kwa hiyo meno 43 si papa 43. Ukikuta maganda 43 ya machungwa stendi ya basi huwezi kuapa kwamba wamekula watu 43. Huenda ni wanne wenye hamu.

Hiyo ni nusu tu ya jibu la “mbona mengi hivyo”. Nusu ya pili imo kwenye mashapo, yaani matope na mchanga unaotua chini ya maji. Mahali ambapo mito inamwaga matope kwa wingi, jino linafunikwa upesi, na jino la mwaka unaofuata linakaa mbali juu yake. Unaweza kuchimba siku nzima upate mawili. Lakini kuna vipindi ambapo mashapo yalikuwa yanaingia kidogokidogo, na mikondo ikawa inapeperusha udongo mwepesi na kuacha vizito: meno, makombe, vipande vya mifupa ya nyangumi. Ni kama kupepeta mchele, pumba zinaruka na chenga za mawe zinabaki kwenye ungo. Sakafu ya bahari ikipepetwa hivyo kwa maelfu ya miaka, meno ya vizazi na vizazi vya papa yanalundikana kwenye tabaka lisilozidi unene wa godoro. Magenge ya Calvert yana matabaka ya namna hiyo zaidi ya moja. Halafu mawimbi ya leo yanayabomoa na kuyapepeta upya pale ufukweni. Mwanao aliokota kitu kilichopepetwa mara mbili.

Hoja ya shemeji ina ukweli ndani yake, tusimtoe nje. Rangi nyeusi peke yake si ushahidi wa umri. Jino huwa jeusi kwa sababu ya madini yaliyomo kwenye mashapo yaliyolizunguka, chuma na manganizi na fosfati, hasa pale pasipo na hewa. Kuna meno ya kale sana ya rangi ya kahawia, ya kijivu, hata ya njano kama siagi. Yale ya machimbo ya fosfati ya Khouribga, Morocco, mengi ni ya rangi ya mchanga, na mengi yake ni ya zamani kuliko haya yenu. Kwa hiyo mtu akikuambia “jeusi zaidi ndilo la kale zaidi”, mwache aseme.

Kinachonifanya niseme yenu ni ya kale si rangi, ni genge. Umri wa jino unasomwa kwenye tabaka lilimotoka. Matabaka ya Calvert yamesomwa na wanajiolojia kwa zaidi ya karne moja, na yanakwenda takriban kutoka miaka milioni 18 hadi milioni 8 iliyopita, katika kipindi kinachoitwa Miosini. Wameyapima kwa vijidudu vya bahari, diatomu, ambao magamba yao ya kioo yamejaa katika sehemu ya chini ya genge, na kwa kulinganisha kemia ya makombe na ile ya bahari za dunia nzima. Lakini nikuambie ukweli wote: jino lililookotwa kwenye mchanga limekwisha kupoteza anwani. Linaweza kuwa limetoka chini ya genge au juu yake, na pengo kati ya hapo na hapo ni kama miaka milioni 10. Aina ya papa inasaidia kupunguza kubahatisha, ila tarehe kamili ya jino moja la ufukweni hutaipata kwangu wala kwa mtu mwingine mkweli.

Kuna kosa jingine ambalo shemeji hakulisema lakini nahisi analifikiria, kwa sababu karibu kila mtu hulifikiria: kwamba hao papa waliishi kwenye ile Ghuba ya Chesapeake mnayoiona. Hapana. Ghuba hiyo ni mtoto wa juzi. Ni bonde la mto Susquehanna lililofurika barafu kubwa za kaskazini zilipoyeyuka na kina cha bahari kupanda, na ilianza kujaa kama miaka 10,000 hivi iliyopita. Papa wa mwanao walikuwa wameshakufa mamilioni ya miaka kabla ya hapo. Wao waliishi kwenye Atlantiki yenyewe, wakati ilipopanda juu ya nchi kavu ya pwani na ufuo wake kufika karibu na ulipo mji wa Washington leo. Ardhi ya sehemu ile ilikuwa inatitia polepole kama sufuria, na bahari ikaingia: pana, ya uvuguvugu, kina chake sehemu nyingi makumi machache ya mita tu. Baadaye bahari ikaondoka, sakafu yake ikabaki juu, na ghuba changa ikaja kuimega ubavuni. Ukisimama pale ufukweni, maji yako mgongoni, uso wako unatazama sakafu ya bahari nyingine.

Tunajuaje ilikuwa ya kina kifupi na ya joto? Hapa ndipo meno yanapofanya kazi, na hapa ndipo madogo yanapoyashinda makubwa.

Chukua lile la msumeno. Kwa maelezo yako nadhani ni la papa wa kale aitwaye Hemipristis serra, na ni rahisi kuhakikisha. Litazame kwa kamera ya simu, uivute karibu. Kama meno ya msumeno ni makubwa, yanakua kadiri yanavyopanda, halafu ncha yenyewe ya juu ikabaki laini bila msumeno, basi ndiye. Sasa chukua lile la mwiba, litazame pale jino linapoungana na mzizi. Ukiona vijino vidogo sana pembeni, vitatu vinne, huenda ni la papa yuleyule! Taya la juu la Hemipristis lilikuwa na misumeno mipana ya kukata, la chini lilikuwa na miiba ya kushikilia. Kisu juu, uma chini. Watu wengi huyaweka kwenye masanduku mawili wakidhani ni samaki wawili. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilitenganisha trei nzima hivyo, nikaandika na vibandiko vizuri kwa wino, na aliyekuja kuangalia kazi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kama huo mwiba wako una kijino kimoja kimoja tu kila upande, na mzizi umegawanyika kwa kina kama panda ya manati, basi ni wa papa-mchanga, jamii ya Carcharias, ambaye leo hupenda maji ya pwani na hula samaki wa kumezwa wazima.

Hemipristis nampenda kwa sababu yetu sisi. Katika Atlantiki ametoweka, hakuna hata mmoja. Lakini ndugu yake aliyebaki, Hemipristis elongata, anaishi leo katika Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki: Bahari Nyekundu, kusini-mashariki mwa Afrika, mpaka Australia, kwenye maji ya joto yasiyo na kina kirefu. Kwa maneno mengine, mwanao wa Tanga amekwenda kuokota Maryland jino la ukoo ambao siku hizi ni jirani zetu. Ukoo unaoishi maji ya aina hiyo ukijaa kwenye matabaka ya Maryland, unaanza kuelewa kwamba Maryland ya Miosini haikuwa na baridi mnayoijua Januari. Nao hawakuwa peke yao: kwenye genge lilelile kumetoka mifupa ya mamba, ya kasa, ya jamaa wa nguva, na ya pomboo wa aina nyingi.

Na kile kitana? Hicho ndicho kilichonifurahisha kuliko yote. Kwa jinsi ulivyokieleza, karibu nina hakika ni kipande cha bamba la kusagia la taa, yule samaki bapa, wa jamii ya pungu. Pungu hana meno ya kuchana. Ana vibapa vilivyojipanga kama sakafu ya mbao juu na chini, anaokota kombe mchangani, anafunga mdomo, anasaga. Upande wa chini wa kila kibapa, panapoingia mzizi, kuna mifereji iliyopangana ndiyo inayofanana na kitana. Watoto hukitupa kwa sababu hakifanani na jino. Lakini angalia kinachosema: palikuwa na pungu, basi palikuwa na makombe ya kutosha kumlisha, basi palikuwa na sakafu ya mchanga au tope lenye hewa na chakula, basi hapakuwa kilindi cha giza. Msumeno mkubwa wa papa anayezurura haukuambii hayo. Papa mkubwa anapita popote.

Ndiyo maana nasema msitupe madogo. Jino kubwa moja kwenye boksi linakuambia papa fulani alipita. Mfuko mzima, na vidogo vyake, unakuambia mtaa ulikuwaje: nani alikaa chini, nani alikaa katikati, nani alikuja kuwinda. Na kuna jambo la watoto. Papa wengi huzaa kwenye maji mafupi ya pwani, mahali ambapo wakubwa hawafiki mara nyingi na chakula ni kingi. Ukikuta mahali pana meno mengi madogo ya papa ambaye kwa kawaida ni mkubwa, unaanza kushuku ulikuwa uwanja wa malezi. Mwaka 2010 watafiti walichapisha kazi juu ya meno ya megalodoni kutoka mashapo ya Gatun, Panama, ambamo mengi yalikuwa ya watoto na vijana, wakasema pale palikuwa pa kulelea. Tahadhari ipo: jino dogo linaweza kuwa la aina ndogo ya papa, au likawa la kona ya mdomo wa papa mkubwa, maana meno ya pembeni huwa madogo siku zote. Kwa hiyo hesabu inafanywa kwa meno mengi na kwa nafasi ya kila jino kwenye taya. Ukiwa na matatu makubwa tu kwenye boksi la viatu, swali hilo haliwezi hata kuulizwa.

Maabara inaongeza yake. Jino linapojengwa, oksijeni ya maji ya bahari inaingia kwenye fosfati. Kuna oksijeni nyepesi na nzito, na uwiano wake hubadilika kulingana na joto la pale jino lilipokuwa likijengwa. Jino hukamilika upesi kisha halibadiliki tena, kwa hiyo linanasa hali ya muda mfupi, kama picha. Kipimo hiki kina mitego: maji ya mto yakichanganyika na ya bahari, uwiano unayumba, na barafu ikikua kwenye ncha za dunia unayumba pia. Lakini kikitumiwa kwa uangalifu kimetoa mambo. Mwaka 2023 kundi la watafiti lililopima meno ya megalodoni lilikadiria kwamba mwili wake ulikuwa na joto la kama nyuzi 7 zaidi ya maji aliyoogelea. Papa mwenye damu ya uvuguvugu, na mwenye njaa ya kulingana nayo.

Juu ya mama mkwe nitasema kwa adabu, maana ni mzee mwenzangu na sikuandikii kubishana na imani ya mtu. Hoja kwamba haya ni masalio ya gharika ina historia ndefu kuliko sisi sote. Ulaya ya zamani waliyaita “ndimi za mawe”. Plinius wa Roma aliandika kwamba yanadondoka kutoka mbinguni mwezi unapopatwa. Mwaka 1666 wavuvi walimkamata papa mkubwa karibu na Livorno, Italia, kichwa chake kikapelekwa Florence kwa tabibu kutoka Denmark, Niels Stensen. Alipokipasua aliona meno ya mdomoni na ndimi za mawe ni kitu kimoja, na mwaka uliofuata akalichapisha. Swali lililomkamata halikuwa jino tena, lilikuwa jiwe: kitu kigumu kimeingiaje ndani ya kitu kingine kigumu? Akajibu kwamba hicho cha nje hakikuwa kigumu wakati ule, yalikuwa matope, na matope hulala tabaka juu ya tabaka, la chini likiwa la kwanza. Sayansi nzima ya kusoma miamba inatembea juu ya wazo hilo. Stensen, kwa taarifa ya mama mkwe, alikuja kuwa askofu, na mwaka 1988 Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri.

Nikiliangalia genge la Calvert kwa macho ya Stensen, silioni wimbi moja. Naona makombe yanayojichimbia yamesimama wima kwenye mashimo yao, kama walivyokuwa wakiishi. Naona matabaka yaliyotobolewa na minyoo na kaa, juu yake tabaka jingine, nalo limetobolewa. Naona magamba ya diatomu yaliyotua polepole kwenye maji tulivu. Na papa wa chini si walewale wa juu. Hilo ni shapo la bahari iliyokaa, ikaondoka, ikarudi, mara kadhaa. Mama mkwe anaweza kubaki na imani yake bila kulitwisha genge hili mzigo huo.

Kuna ushahidi mmoja wa utulivu huo ambao mjukuu wangu ataupenda, wewe pengine hapana. Kwenye magenge hayohayo kumepatikana vinyesi vya kale vilivyogeuka jiwe, na viwili kati yake, vilivyoandikwa na watafiti mwaka 2010, vina alama za meno ya papa. Papa aling'ata kinyesi, akakiacha, kikafunikwa na tope, na mikwaruzo ya meno bado inaonekana. Wimbi la kuzamisha dunia lisingeacha mkwaruzo huo.

Sasa megalodoni, maana mtoto anaogopa maji na hilo si la kuchekea. Mwambie hivi. Otodus megalodon alikuwepo kweli, na meno yake yanatoka Calvert, ingawa machache. Makubwa kabisa duniani yanafika sentimita 17 na ushei. Alikuwa samaki wa pwani na maji ya joto, mla nyangumi. Meno yake yanapatikana dunia nzima katika mashapo ya mamilioni ya miaka, halafu takriban miaka milioni 3.6 iliyopita yanakoma. Kumbuka maelfu ya meno kwa kila papa: kama angekuwapo, kila ufuo wa dunia ungetupatia meno meupe mabichi ya ukubwa wa kiganja. Hakuna hata moja. Video hupenda kusema amejificha kilindini. Kilindini ni baridi na chakula ni haba, na huyu ni samaki mwenye damu ya uvuguvugu aliyehitaji mlima wa nyama. Kumficha huko ni kama kumficha tembo jangwani bila maji. Utasikia pia habari za meno “machanga” yaliyoopolewa kutoka sakafu ya Pasifiki na meli ya HMS Challenger katika safari yake ya 1872 hadi 1876. Umri ule mdogo ulikadiriwa baadaye kwa unene wa ukoko wa manganizi uliojijenga juu yake, na ukoko huo haukui kwa kasi moja, kwa hiyo saa yenyewe ilikuwa mbovu. Mtoto aogelee. Aogope radi na mkondo.

Kwetu, yapo? Yapo, na mengine ni ya kale mara kumi ya hayo. Tendaguru, mkoa wa Lindi, mnapajua kwa dinosaria waliochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin. Kisichosemwa sana ni kwamba matabaka ya dinosaria pale yamepishana na matabaka ya bahari: tope la ufuoni, kisha mchanga wa maji mafupi wenye makombe, kisha tope tena. Katika mashapo hayo ya kama miaka milioni 150 kumetoka meno madogo madogo ya papa, na ya taa wa kale aliyepewa jina Engaibatis schultzei mwaka 2002. Meno yenyewe hata hayajazi ukucha. Bila watu waliokaa kuchekecha mchanga na kutazama kwa hadubini, tungejua mijusi mikubwa tu na tusingejua bahari iliyokuwa ikiwalowesha miguu. Lakini sheria si ile ya Maryland. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya ina ya Makumbusho na Urithi ya 2006, na zote zinataka kibali kabla ya kuchimba au kutoa visukuku, masalio ya kale kama haya, nchini. Mkienda likizo mkaona kitu, pigeni picha, andikeni mahali, toeni taarifa makumbusho. Msiweke kwenye sanduku la ndege.

Namna ya kutunza: loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi siku mbili tatu, ukibadilisha maji, kisha anika kivulini. Usitumie siki wala ndimu, asidi inakula fosfati. Usitumie jiki. Weka yote 43 pamoja kwenye chombo kimoja chenye karatasi iliyoandikwa ufuo, tarehe na nani aliokota. Safari ijayo mpe chekeche la jikoni badala ya sururu, aende maji yakipwa, hasa siku moja baada ya dhoruba, na achekeche ule mstari wa changarawe nyembamba unaoachwa na wimbi.

Kuna hali ambazo mimi wa kwenye maandishi sifai. Mkiona mfupa mkubwa, pingili mbili tatu za uti wa mgongo zimepangana, au fuvu linachungulia gengeni, msiguse. Pigeni picha mkiweka kitu cha kupimia kando, hifadhini mahali kwenye ramani ya simu, na wapelekeeni Makumbusho ya Bahari ya Calvert kule Solomons, ambao kazi yao ndiyo hiyo na wana njia salama ya kufika. Nendeni hapo hata kwa meno tu, mtoto akayaone yake kando ya yaliyotajwa majina, itamfaa kuliko maneno yangu yote. Na mtu akitaka kuwauzia jino kubwa la megalodoni kwa bei ya kutupa, mpelekeeni mtaalamu alishike kabla hamjatoa hela. Mzizi wa kubandika na msumeno uliochongwa kwa tupa hauonekani kwenye picha.

Moja limebaki. Ulisema makubwa ni matatu, ukanieleza msumeno na mwiba. La tatu hukuniambia likoje. Kama ni pana, pembetatu, na kingo zake ni laini kabisa ukipitisha kucha, linaweza kuwa la Carcharodon hastalis, wa ukoo wa papa mweupe kabla ukoo huo haujaota msumeno. Nitumie picha mbili, mbele na nyuma, pamoja na mzizi, na uweke rula kando, si sarafu. Sarafu za Marekani mimi sizijui ukubwa wake.